Mdomo Tumboni mwa Mzee Mikaeli

Sia aliuona mkungu kabla hajamwona mzee. Ulikuwa umeegemezwa penye mlango wa jiko, mkungu mnene wa ndizi mshale, zile za kupika, utomvu bado unachuruzika kwenye kikonyo. Moyo ukamlipuka. Yona, mumewe, alikuwa Serengeti akiendesha gari la watalii, na pale nyumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kuukata mkungu ule na kuubeba mpaka uani isipokuwa mtu mmoja, naye ndiye aliyekatazwa kubeba hata ndoo.

"Baba!" aliita. "Nani kaleta ndizi?"

Sauti ilimjibu kutoka chumba cha pili, ng'ambo ya ua.

"Zimejileta."

Ilikuwa Jumamosi, jua linaegemea upande wa mji, na ukungu umeshaanza kuteremka kutoka mlimani na kuingia migombani. Sia alibaki amesimama na kikapu chake cha kazini, asijue acheke au alie.

Mzee Mikaeli, baba yake Yona, alikuwa ametolewa hospitalini majuma kadhaa nyuma. Utumbo wake ulikuwa umejisokota wenyewe kama kamba ya kisima, tumbo likavimba likawa ngoma, na madaktari wa mjini wakalazimika kukata kipande kilichooza. Ncha ya utumbo iliyobaki waliitoa nje, upande wa kushoto wa tumbo, chini kidogo ya kitovu. Hapo ndipo choo kilipokuwa kikitokea sasa, kikiingia kwenye mfuko wa plastiki uliogandishwa kwa gundi juu ya ngozi. Walisema baadaye, akipata nguvu, watamrudishia njia yake ya zamani. Mpaka siku hiyo ifike, kulikuwa na masharti. Asibebe kitu kizito. Ale kidogokidogo, ale kweli. Na kila siku mtu autazame ule utumbo ulipojitokeza, aone rangi yake.

"Uwe mwekundu na unyevu, kama ndani ya mdomo wako," nesi Catherine aliwaambia siku ya kuruhusiwa. "Mkiona umekuwa zambarau, au mweusi, msingoje kesho."

Sharti hilo la mwisho ndilo lililokuwa likimnyima Sia raha. Nani angeutazama? Mama mkwe alishafariki. Yona ndiye aliyekuwa akimbadilisha baba yake mfuko, lakini Yona akiondoka na wageni huondoka kweli, huko porini simu haishiki mpaka apande kilima. Safari hii alikuwa amemkatia mzee mifuko mapema, kila mmoja tundu lake la duara kwa kipimo walichopewa hospitalini, akaipanga mezani. Yona asipokuwapo, mzee hujibadilisha mwenyewe kwa kupapasa, maana mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili na dunia kwake imekuwa kama kioo kilichopuliziwa mvuke.

Na Sia? Sia alikuwa mkwe. Mzee Mikaeli alikuwa mtu wa malezi ya zamani, na katika nyumba ile mkwe wa kike na baba mkwe walikuwa na mpaka usioonekana ila kila mtu anaujua. Tangu aolewe kutoka kwao Machame, Sia hajawahi kukaa naye benchi moja. Hajawahi kuingia chumbani mwake akiwamo. Chakula alikiweka mezani, akatoka, ndipo mzee akaingia kula. Haikuwa chuki hata kidogo. Ilikuwa heshima, na heshima ile ilikuwa imewatunza vizuri mpaka ugonjwa ulipoingia.

Kitu kimoja tu waliweza kukizungumza kwa uhuru, nacho ni kahawa. Sia alifanya kazi kwenye kitalu cha miche kule Maji ya Chai, kando ya barabara kuu, na mzee alikuwa na mikahawa aliyoirithi. Kumbe kahawa ndiyo iliyowasaidia. Siku za kwanza baada ya kurudi hospitalini, mzee alikataa kula, akidhani asipokula mfuko hautajaa na aibu haitakuwapo. Jioni moja Sia akasimama uani, amempa mgongo nusu kama inavyotakiwa, akasema kana kwamba anaongea na mkahawa uliokuwa mbele yake:

"Baba, hicho kitu nesi alikiita stoma. Ni neno la Kigiriki, maana yake mdomo. Nasi kitaluni tuna neno hilohilo. Jani la kahawa lina midomo midogo sana, upande wa chini, haionekani kwa macho. Ndimo hewa inamopita kuingia, na mvuke wa maji kutoka. Jua likiwa kali inafumba, mmea usije ukakauka. Ndiyo maana mbolea ya majani tunaipuliza asubuhi, tena kwa chini."

Mzee aliuliza:

"Na ikifumba moja kwa moja?"

"Mmea unakufa njaa, baba. Jani linajipikia chakula kwa hewa inayoingia humo."

"Kumbe miaka yote nilikuwa nikipuliza kwa juu," alisema mzee kwa uchungu. Usiku ule alikula sahani nzima.

Tangu hapo wakawa na namna yao ya kuulizana. Sia akipita na beseni la nguo husema, "Baba, jani linaendeleaje?" Naye mzee hujibu, "Linapumua." Basi. Hapakuwa na zaidi, na hapakuhitajika zaidi.

Jumamosi ile ya mkungu, Sia aliuliza na hakujibiwa. Aliweka chakula mezani, ndizi zilezile zilizojileta, amezipika laini kwa maziwa. Aliporudi kuchukua sahani aliikuta ilivyo, nzi ameshatua juu yake. Akajiambia mzee amechoka tu. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara aliamini kidogo kuliko mara ya kwanza.

Asubuhi ya Jumapili kengele ya kanisa ililia bondeni. Mke wa jirani yao Meshack alipita kumchukua Hanna, binti wa Sia, wakaenda Sunday school. Njia ikajaa watu wenye viatu vilivyong'arishwa, kisha ikawa tupu. Mzee Mikaeli, ambaye hakukosa ibada hata mvua ikinyesha mawe, hakutoka chumbani.

Sia alikwenda mpaka mlangoni kwake, akasimama hatua moja nje ya kizingiti. Mlango ulikuwa umerudishiwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Hanna." Sauti ilikuwa nyembamba, imebanwa na kitu.

"Jani linaendeleaje?"

Kuku alipita uani. Halafu mzee akasema, "Limefumba. Tangu jana."

Sia aliusogelea mlango. "Halijatoa kitu kabisa?"

"Kidogo sana. Limevimba, Mama Hanna. Nikiligusa ni kubwa, halikuwa hivi. Tena linauma pembeni."

"Rangi yake, baba?"

"Rangi!" Mzee alicheka kicheko kikavu. "Na macho haya, rangi nitaijulia wapi?"

Sia alimpigia Yona. Mwanamke wa mtambo wa simu akamwambia mteja hapatikani. Akampigia tena, kana kwamba mwanamke yule angeweza kubadili mawazo. Akampigia nesi Catherine, simu ikaita mpaka ikakata. Akafikiria kukimbia kanisani, maana wakati wa ibada watu huzima simu, akamtoe mwanamume yeyote, Meshack au mzee wa kanisa, aje amtazame baba. Lakini kanisa liko mbali, njia ni ya kuteremka korongo na kupanda, na ikiwa ni kile alichokihofu, hakuwa na muda wa kwenda na kurudi. Na Mzee Mikaeli angekubali kufunuliwa na Meshack? Asingekubali. Tangu atoke hospitalini, hata mchungaji alipokuja kumwombea alimsalimu akiwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni.

Ndipo akapata wazo. Alifungua kamera ya simu yake, akaingiza mkono dirishani, akaiweka simu juu ya meza.

"Baba, bonyeza palepale pa duara jeupe, chini. Ielekeze kwenye jani, nami nitamtumia nesi. Mimi sitatazama."

Alijua anasema uongo, na mzee pia alijua, lakini uongo ule uliwasitiri wote wawili. Alisikia kitanda kikilia, shuka likisogezwa, simu ikitoa mlio wake. Mlio mwingine. Mwingine. Kisha mkono wenye mishipa ukatokea dirishani na simu.

Picha ya kwanza ilikuwa ya dari. Ya pili ilikuwa ya kidole gumba cha mzee, kikubwa kama kisiki. Ya tatu ilikuwa ya shuka. Wakati mwingine wowote Sia angecheka mpaka machozi yamtoke. Ya nne ilikuwa nyeusi tupu, isipokuwa kona moja palipoonekana plastiki ya mfuko, na nyuma ya plastiki kitu cha mviringo, cheusi au chekundu kilichokoza, mtu asingeweza kuapa. Aliituma hivyohivyo. Alama moja ya kijivu ikatokea: imetumwa, haijafika. Akaikodolea macho iwe mbili. Haikuwa.

Alianza kutembea ua mzima, kutoka bomba mpaka banda la ng'ombe na kurudi. Alikuwa akiomba, lakini maombi yalikatikakatika: Ee Bwana, rangi iwe nyekundu, Ee Bwana, Yona apande kilima. Simu ilipolia mikononi mwake nusura aiangushe.

"Mama Hanna, hii picha ni ya giza," nesi Catherine alisema bila salamu. Nyuma yake palikuwa na kelele za wodi. "Niambie, utumbo umetoka sana nje?"

"Anasema umevimba, dada. Na unauma pembeni. Jana alibeba mkungu."

"Mungu wangu. Basi utumbo umesukumwa nje, na tundu la mfuko sasa limekuwa dogo, linaubana kama pete kwenye kidole kilichovimba. Damu haipiti vizuri. Huo mfuko utolewe sasa hivi. Mwambie autoe taratibu, kwa maji ya uvuguvugu, halafu wewe utazame rangi."

Sia alichota maji ya uvuguvugu jikoni, akaiweka simu mfukoni ikiwa kwenye spika, akarudi kizingitini akayasema yote. Alimsikia mzee akijaribu. Alisikia pumzi zake, akasikia mguno wa maumivu, kisha kitu kama kilio kilichomezwa.

"Hautoki. Nikivuta, na jani lenyewe linavutika."

"Basi naingia, baba."

"Usiingie!"

Sauti ile ilimrudisha nyuma Sia kama amesukumwa kifuani. Ilikuwa sauti ya mwenye nyumba. Alisimama na beseni la maji mikononi, mvuke ukimpanda usoni, na mambo mawili yakagombana ndani yake. Alijiona akizikwa kwa maneno ya watu: mkwe aliyemvua baba mkwe wake, tena siku ya Bwana, mume hayupo. Alijiona pia akimpokea Yona pale getini na kumwambia, nilikuwa nje, baba yako alikufa ndani, nilikuwa nimemheshimu.

"Baba," alisema, "Yona akirudi nimwambie nini?"

Simu ilikuwa bado haijakatwa, na nesi alisikia yote.

"Funga macho basi," mzee alisema hatimaye, kwa upole sana.

"Nikifunga macho, baba, nitaona nini?"

Kitanda kililia. Sia alisikia kitu kikipapaswa ukutani, penye misumari ya nguo.

"Basi nitayafunga ya kwangu," alisema Mzee Mikaeli.

Sia alisukuma mlango. Mzee alikuwa amelala chali, kofia yake ya pama ya kwendea kanisani ameiweka juu ya uso, ameishikilia kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika usukani. Shati lilikuwa limefunuliwa. Sia aliweka beseni sakafuni, akafungua dirisha lote, na mwanga wa asubuhi ukaangukia pale ambapo hakuwahi kuruhusiwa kutazama.

Utumbo ulikuwa mkubwa kama ngumi ya mtoto, nao ulikuwa zambarau. Nchani palikuwa na doa jeusi. Ukingo wa gundi ulikuwa umejikata kwenye nyama pande zote.

"Niambie rangi," alisema nesi.

Sia hakutaka mzee asikie. Akasema, "Kama ulivyosema tusingoje."

"Sawa. Lowesha gundi kwanza. Usivute ngozi, ishikilie ngozi kwa mkono mmoja, gundi uisukume kwa mwingine. Ukishindwa kutoa, chana plastiki kwa mkasi, kuanzia mbali."

Mikono ya Sia ilikuwa imezoea miche, imezoea kutoa mzizi mwembamba kwenye kopo pasipo kuukata. Aliikumbusha hivyo mikono yake. Akalowesha, akangoja, akalowesha tena. Alichana plastiki mpaka karibu na duara, akaingiza ncha ya kidole baina ya gundi na nyama, na duara likaachia ghafla. Harufu ilitoka. Chini ya kofia mzee alisema kitu kwa Kimeru, na kwa kuwa Kimeru na Kimachame ni ndugu, Sia alikielewa: alikuwa akimwomba radhi marehemu mkewe.

"Una sukari?" nesi aliuliza.

"Sukari?"

"Ya chai, hiyohiyo. Mwagia utumbo wote, ufunike. Sukari inanyonya maji, uvimbe utanywea. Juu yake weka kitambaa safi kibichi. Na utafute gari, kwa sababu hata ukinywea lazima daktari amwone leo."

Alikimbia jikoni akarudi na kopo. Alimimina sukari mpaka ule utumbo ukawa mlima mdogo mweupe, akaweka kitambaa, kisha akampigia Meshack. Meshack alikuwa kanisani, lakini simu yake haikuwa imezimwa, na kwa dhambi hiyo Sia alimshukuru Mungu. "Nakuja na pikapu," alinong'ona, kwaya ikiimba nyuma yake.

Wakangoja. Sia alikaa sakafuni, amegeukia ukuta. Maji yalianza kuchuruzika kutoka chini ya kitambaa, matamu na ya rangi ya waridi, naye akayapangusa. Alipoinua kitambaa, ngumi ile ilikuwa imepungua. Zambarau ilikuwa imeanza kurudi nyuma pembezoni, ikiacha wekundu mzito. Nchani doa lilikuwa palepale.

Meshack alifika na suti yake, akamkuta Sia akimtoa mzee nje, mkono wake chini ya kwapa la mzee, taulo limefungwa tumboni, kofia bado usoni. Meshack alitazama pembeni haraka. Sia aliona alivyotazama, akajua habari hiyo itafika Maji ya Chai kabla yao.

Hospitalini daktari wa zamu, mwanamama mwenye maneno machache, aliurudisha utumbo ndani polepole kwa kiganja, akaangaza tochi kwenye tundu, akakunja uso. "Mmefanya vizuri kuutoa mfuko," alisema. "Hili doa jeusi silipendi. Likiwa la juujuu, litabanduka. Likiwa limeshuka ndani, tutarudi chumba cha upasuaji. Na umri wake huu..."

Mzee akalazwa. Sia akakaa kwenye benchi la korido, nguo zikinuka, sukari imemgandia vidoleni. Kilichomtesa zaidi ya doa lile ni kwamba mzee hakuwa amemwambia neno tangu waondoke nyumbani. Njia nzima aligeukia dirisha. Kitandani akageukia ukuta. Pengine ameona afadhali angekufa, Sia aliwaza. Pengine Yona akija ataambiwa, mrudishe huyu kwao.

Yona alifika kesho yake, vumbi la mbuga mpaka kwenye kope. Alisikiliza yote, akamshika mkewe begani. Siku zilizofuata walikaa wote wawili wakingoja. Kila asubuhi nesi Catherine alivuta pazia, wakasikia kitambaa kikifunuliwa, na Sia akajikuta amelikodolea macho pazia mpaka nesi atoke. "Bado." "Bado liko." "Halijakua, lakini liko." Usingizi ulimkimbia. Akisinzia aliota zambarau.

Asubuhi moja nesi alitoka nyuma ya pazia akitabasamu. Doa lilikuwa limebanduka kama gamba la kidonda, na chini yake palikuwa pekundu, paking'aa kwa unyevu. Choo kilikuwa kimeanza kutoka vizuri. Yona alikaa chini palepale kwenye sakafu ya wodi, mikono kichwani.

Siku ya kuruhusiwa, nesi Catherine alileta mifuko mipya na mkasi. "Sasa kipimo kitabadilikabadilika," alisema. "Kila mara mpime upya kabla ya kukata. Nimfundishe nani?"

Yona aliinua mkono. Mzee Mikaeli, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na kofia magotini, alikohoa.

"Huyo yuko porini kila siku," alisema, akitazama sakafu. "Mfundishe Mama Hanna."

Sia hakuthubutu kuinua uso. Nesi akamwita akae pale kando ya mzee. Benchi halikuwapo, palikuwa na ukingo wa kitanda tu. Alisita, akamtazama Yona, Yona akatazama dirishani. Mzee Mikaeli alisogea kidogo kumpisha, kisha akaiinua kofia, akaiweka usoni.

Mpaka sasa hawajapewa tarehe ya upasuaji wa kumrudishia njia yake. Daktari anasema apate nguvu kwanza. Maneno yalisemwa kijijini, kama Sia alivyojua yatasemwa, na mengine yalimfikia kazini kwake kupitia wateja wa miche. Dada yake mzee alipanda mlima kuja kuuliza kama ni kweli, mzee akamjibu kwamba ni kweli, na kwamba chai iko mezani. Chakula Sia bado anakiweka na kutoka, na benchi bado hawakai pamoja. Lakini kila asubuhi, kabla ya kuteremka kitaluni, hupita na beseni la maji ya uvuguvugu, husimama kizingitini na kusalimu, na husikiliza kwanza. Akisikia kofia ikipapaswa ukutani, ndipo anapovuta pumzi na kuingia.